Jini Asiye na Bei: Mtazamo wa Kwanza wa Futuhi ya Mazingaombwe kwa Macho ya Mghange

Utangulizi

Mtazamaji wa runinga hucheka kwanza, akafikiri baadaye. Mwanafunzi wa fasihi naye hufunzwa kufikiri kwanza, na mara nyingi huona haya kukiri kwamba alicheka. Kwa sababu hiyo tahakiki nyingi za michezo ya kuchekesha huanza na nadharia na kuishia na nadharia, huku kicheko chenyewe, ambacho ndicho kilichomleta mtazamaji mbele ya runinga, kikiachwa nje ya mlango. Makala haya yanajaribu kuurudisha mtazamo wa kwanza mahali pake. Yanachunguza kipindi cha kwanza cha futuhi moja ya mazingaombwe, I Dream of Jeannie, kwa macho ya mtazamaji wa kubuni aliyelelewa Mghange, katika milima ya Taita.

Mghange imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ipo Dawida, sehemu ya juu ya nchi ya Wataita, na sasa imo katika kata ya Mwanda/Mgange, eneo bunge la Wundanyi. Dawida ina historia yake ya kuhusiana na nguvu zisizoonekana: misitu mitakatifu iitwayo fighi, mapango yaliyohifadhi mafuvu ya wahenga, na ibada ya kutasa ambayo kwayo hasira ilitolewa moyoni ili isimdhuru jamaa. Pili, barabara iteremkayo kutoka huko hufika Mwatate na Voi, na Voi imeunganishwa na Mombasa kwa reli tangu mwishoni mwa karne ya 19. Hivyo mtu wa Mghange yuko karibu na Pwani kiasi cha kuzisikia habari za majini, na yuko mbali nayo kiasi cha kutowachukulia kuwa ndugu wa nyumbani. Mtazamaji wa namna hiyo ni shahidi mzuri.

Hoja kuu ya makala ni hii: jini wa runinga huchekesha kwa kuwa ameondolewa bei. Kazi ya kwanza ya mhakiki, baada ya kukiri kwamba alicheka, ni kuuliza bei hiyo imekwenda wapi na imelipwa na nani.

Kipindi cha kwanza kilivyo

I Dream of Jeannie ilibuniwa na Sidney Sheldon, yule yule ambaye riwaya zake za baadaye zilisomwa na Wakenya wengi. Ilianza kuonyeshwa nchini Marekani na shirika la NBC tarehe 18 Septemba 1965, ikamalizika tarehe 26 Mei 1970 baada ya misimu 5 na vipindi 139. Msimu wa kwanza ulikuwa wa rangi nyeusi na nyeupe. Misimu iliyofuata ilikuwa ya rangi. Mhusika mkuu, jini wa kike, aliigizwa na Barbara Eden. Mwenzake, mwanaanga Kapteni Tony Nelson, aliigizwa na Larry Hagman.

Katika kipindi cha kwanza, chombo cha Nelson kinatua mbali na mahali palipokusudiwa, naye anajikuta peke yake katika kisiwa cha Bahari ya Pasifiki. Ufuoni anaokota chupa. Anapoifuta, moshi unatoka, na ndani ya moshi anatokea mwanamke aliyefungiwa humo kwa takriban miaka 2,000. Mwanamke huyu anazungumza Kiajemi. Nelson hafahamu hata neno moja, naye anatamani kwa sauti kwamba laiti angesema Kiingereza. Papo hapo jini anasema Kiingereza. Kisha inaletwa helikopta ya kumwokoa Nelson, naye, kwa shukrani na kwa hofu ya matata yatakayomfika kazini, anamwachia jini huru. Jini hataki. Anairudia chupa yake na kujipenyeza ndani ya mfuko wa Nelson. Nelson anarejea nyumbani kwa mchumba wake, bintiye jenerali, bila kujua kwamba amebeba mgeni.

Yapo mambo matatu ambayo jicho la kwanza huyaona. La kwanza ni wepesi: jini hukunja mikono, akapepesa macho, na jambo limetendeka. Hakuna ubani, hakuna ngoma, hakuna damu. La pili ni kicheko kilichorekodiwa, ambacho husikika hata pale mtazamaji alipokuwa bado anashangaa. Kicheko hicho humwarifu kwamba hapana hatari. La tatu ni kwamba mwenye uwezo wote ndiye anayebembeleza, na asiye na uwezo wowote ndiye anayekataa.

Inafaa kuongeza kwamba kukutanishwa kwa mwanaanga na jini si kioja kikubwa kwa msomaji wa Afrika Mashariki kama kilivyokuwa kwa Mmarekani. Katika miaka iyo hiyo, tarehe 26 Aprili 1967, setilaiti ya Italia ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco katika bahari ya Ngomeni, karibu na Malindi, na setilaiti iliyoitwa Uhuru ikarushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970. Roketi ziliruka juu ya pwani ambayo wakazi wake wengi walijua majini wanakaa wapi. Sayansi na majini vimekaa mtaa mmoja bila kuombana ruhusa.

Jini wa Pwani na bei yake

Katika Kiswahili, jini si mhusika tu bali ni uhusiano. Mtu hufuga jini, hutumiwa jini, hupandwa na jini, hupungwa pepo. Vitenzi hivi vyote vina gharama ndani yake. Anayefuga hulisha. Anayepandwa huugua mpaka mgeni wake aulizwe anataka nini: kitambaa cha rangi fulani, manukato, chakula fulani, au karamu ya ngoma. Anayetuma jini hulipa kafara, na simulizi nyingi za Pwani husema kwamba asipolipa yeye mwenyewe, hulipa mtu wa nyumbani mwake.

Utafiti wa Janet McIntosh uliofanywa Malindi na kuchapishwa mwaka 2009 unaonyesha kwamba Wagiriama wengi waliueleza utajiri wa majirani zao Waswahili na Waarabu kwa kusema kuwa wanafuga majini wawaletao fedha. Maelezo hayo si porojo tu. Ni namna ya maskini kuuliza utajiri umetoka wapi na ni nani aliyeugharimia.

Hata katika ngano za Alfu Lela u Lela, ambazo wasomaji wa Kiswahili wamezijua kwa vizazi, jini wa chupa ana bei. Mvuvi anapoifungua chupa, jini hamshukuru. Amekaa kifungoni muda mrefu mno, na nadhiri yake ya mwanzo ya kumtajirisha mkombozi imegeuka kuwa nadhiri ya kumwua. Mvuvi huokolewa na akili yake: anamhadaa jini arudi chupani. Kicheko cha ngano hii huja baada ya hofu, kama mtu aliyeteleza ukingoni mwa jabali akashika mzizi.

Sheldon aliichukua chupa, akauacha ukingo wa jabali. Jini wake hana nadhiri ya kuua wala hana kafara ya kudai. Hatari iliyobaki ni ya ofisini: Nelson akijulikana kuwa anaishi na jini, Daktari Bellows, tabibu wa akili wa shirika la anga, atamwona mwendawazimu na kazi itamtoka. Hofu ya mauti imebadilishwa kuwa hofu ya aibu. Hapo ndipo tanzia inapogeuka futuhi.

Saka: anayeomba na anayetoa

Mtazamaji wa Mghange ana kipimo kingine, ambacho mtu wa Mombasa huenda asiwe nacho. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wadawida mwanzoni mwa miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1957 makala kuhusu hali iitwayo saka, na mwaka 1978 kitabu kuhusu dini ya Wataita. Kwa mujibu wa maelezo yake, saka iliwapata hasa wanawake walioolewa. Mwanamke alitetemeka mabega, kichwa kikayumba huku na huku, na pengine fahamu zikampotea. Mara nyingi hali hiyo iliamshwa na kitu ambacho mwanamke alikitamani au kilichomshtua: harufu ya sigara, kuwashwa kwa kiberiti, gari. Tiba ilikuwa kumpatia alichokitamani, au kumfanyia ngoma ya saka, ambamo wanawake walicheza wakiwa wamevaa mavazi na mapambo mengine ya kiume.

Harris alilieleza jambo hili kwa kuangalia mali. Ardhi na mifugo vilikuwa mikononi mwa wanaume, na kazi ya mshahara, pamoja na fedha na bidhaa zilizoletwa nayo, ilikuwa ya wanaume. Mwanamke alilima na kulisha nyumba, lakini alipohitaji kitu cha dukani alimtegemea mumewe. Saka ilikisema kile ambacho kinywa chake hakikuruhusiwa kukisema. I. M. Lewis, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu dini na kupagawa, aliutumia mfano huu kuonyesha kwamba kupandwa na pepo kwaweza kuwa silaha ya mnyonge.

Maelezo haya yanahusu kizazi kilichopita. Wadawida wengi sasa ni Wakristo, na mwanafunzi hana haki ya kudhani kwamba kila bibi wa Mghange ana saka. Hata hivyo, tajriba ya jamii haifutiki kwa kubadilisha dini. Huacha maswali nyuma yake. Na swali ambalo saka inaliacha ni hili: kati ya mume na mke, nani anaomba na nani anatoa?

Swali hilo likipelekwa kwenye futuhi ya Sheldon, picha inapinduka. Katika saka, mwanamke asiye na mali huomba kupitia nguvu isiyoonekana, na mwanamume mwenye mali hulazimika kutoa. Katika I Dream of Jeannie, mwanamke mwenye uwezo wa kuumba mali kwa kupepesa macho huomba jambo moja tu, kuruhusiwa kutumikia, na mwanamume humkatalia. Katika saka nguvu ya ajabu inamsemea mwanamke. Katika futuhi nguvu ya ajabu ni ya mwanamke, lakini haimsemei. Inamsemea bwana wake. Mtu aliyekua akisikia simulizi za saka ana sababu ya kucheka pamoja na wengine, kisha akanyamaza kabla yao.

Neno "bwana"

Suala hili hujitokeza wazi zaidi pale kipindi kinapofasiriwa. Jini humwita Nelson kwa neno la Kiingereza ambalo mtumwa alimwitia mmiliki wake. Mfasiri wa Kiswahili ana maneno kadhaa ya kuchagua. "Mwinyi" lina harufu ya Pwani ya kale. "Tajiri" humaanisha mwenye kumwajiri mtu. "Mola" limepanda mbinguni. Linalokuja ulimini upesi ni "bwana".

Lakini "bwana" ni neno lenye vyumba vingi. Ni mmiliki wa mtumwa, ni mwajiri, ni mume, ni Mungu katika sala, na ni mwito wa heshima kwa mtu yeyote wa kiume. Katika Kiingereza, jini na Nelson husafiri kutoka neno moja hadi jingine: wanaanza kama mtumishi na mmiliki, na katika kipindi cha tarehe 2 Desemba 1969 wanafunga ndoa, wakawa mke na mume. Katika tafsiri ya Kiswahili itumiayo "bwana", safari hiyo haionekani. Jini alimwita Nelson "bwana wangu" siku ya kwanza ufuoni, na anaweza kumwita "bwana wangu" siku ya arusi bila kubadili silabi hata moja.

Baadhi ya wanafunzi wangesema kuwa hapa Kiswahili kimepungukiwa. Makala haya yanaona kinyume. Kiswahili hapa kimefichua kile ambacho futuhi yenyewe ilikuwa inakificha, kwamba umbali kati ya utumishi ule na ndoa ile haukuwa mkubwa. Mfululizo ulimalizika miezi michache baada ya arusi. Mchezo uliojengwa juu ya mtumishi mwenye mapenzi ulikuwa umefika mahali ambapo haukuwa tena na siri ya kutunza.

Neno hilo lina historia karibu na nyumbani pia. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kicheko kinachotokana na mtu aliyeachwa huru akajifungia tena mwenyewe ndani ya mfuko wa bwana wake ni kicheko ambacho msomaji wa pwani hii anapaswa kukisikiliza mara mbili.

Mchawi wa jikoni

Mwaka mmoja kabla ya jini wa Sheldon, tarehe 17 Septemba 1964, shirika la ABC lilikuwa limeanza kuonyesha Bewitched, ambayo iliendelea hadi mwaka 1972 kwa vipindi 254. Mhusika wake Samantha, aliyeigizwa na Elizabeth Montgomery, ni mwanamke mwenye uchawi aliyeolewa na mtu wa kawaida na kumwahidi mumewe kwamba atautunza mji kwa mikono kama wake wengine. Ahadi hiyo haidumu. Pua ikitikiswa tu, mambo yanatendeka.

Kumwita Samantha "mchawi" kwa Kiswahili ni kusema ukweli wa kamusi na kukosea kila kitu kingine. Mchawi katika Kiswahili hana jiko safi wala jirani wa kuchekesha. Ni mtu anayedhaniwa kuua, na anayeweza kuuawa kwa kudhaniwa. Kenya ingali na Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, iliyotungwa mwaka 1925. Mwezi wa Mei 2008, watu 11, wengi wao wanawake wazee, walichomwa moto huko Kisii kwa kutuhumiwa uchawi. Katika Kaunti ya Kilifi, wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma hizo, na wengine wamelazimika kuyahama makwao. Mara nyingi nyuma ya tuhuma huwa kuna shamba la kurithiwa.

Hii haina maana kwamba Bewitched isitazamwe au isichekwe. Huenda hata inafaa kuchekwa, kwa kuwa inamwonyesha anayeitwa mchawi akiwa mke, mama na jirani. Ila mfasiri na mhakiki wakumbuke kwamba neno lililopoteza uzito wake Marekani halijapoteza uzito wake hapa. Bei iliyoondolewa katika futuhi ile ingali inalipwa na vikongwe ambao hawajawahi kuiona.

Namna ya kuandika mtazamo wa kwanza

Kutokana na mfano huu, mwanafunzi anaweza kufuata hatua nne anapokutana na futuhi ya mazingaombwe kwa mara ya kwanza, iwe ya kigeni au ya kwetu.

Kwanza, aandike ni wapi alipocheka, kabla hajasoma lolote. Aandike pia ni wapi alipoona wengine wanacheka, au kicheko kilichorekodiwa kinasikika, naye hakucheka. Sehemu hizo za pili ndizo zenye hazina.

Pili, aitafute bei. Kila jamii iliyowahi kusimulia juu ya nguvu zisizoonekana imezipa gharama. Aulize: katika mchezo huu, gharama hiyo imefutwa, imepunguzwa, au imehamishiwa kwa mtu mwingine?

Tatu, aupime mchezo kwa simulizi za mahali pake mwenyewe, na si kwa simulizi za "Waafrika" kwa jumla. Jini wa Malindi si saka ya Dawida, na saka si mchawi wa Kisii. Mwanafunzi wa Mghange akiandika kana kwamba alizaliwa Lamu, atakuwa ameuza shahidi wake bora.

Nne, ajaribu kufasiri mazungumzo ya dakika tano za kwanza. Mahali kalamu itakapokwama ndipo mchezo unapoficha jambo. Nelson alipotamani jini azungumze Kiingereza, alikata shauri kuhusu lugha ya hadithi nzima katika sentensi moja. Kiajemi cha yule mwanamke, ambacho ndicho kitu pekee alichotoka nacho chupani, kilikuwa malipo ya kwanza.

Hatua hizi hazihusu mambo ya kigeni pekee. Fasihi ya Kiswahili ina futuhi zake za mazingaombwe, na tamthilia ya Farouk Topan, Aliyeonja Pepo ya mwaka 1973, ni mfano mwema. Humo ahera ina ofisi na makosa ya ofisi, na roho ya mtu huchukuliwa kimakosa. Msomaji hucheka, lakini bei iko wazi mbele yake: makosa ya wakubwa yanalipwa na mtu mdogo. Topan hakuiondoa bei. Aliiweka mezani na kumwachia mtazamaji aihesabu. Tofauti hiyo inatosha kuwa somo la muhula mzima.

Hitimisho

Mtazamo wa kwanza si tahakiki kamili, wala haudai kuwa hivyo. Ni ushahidi, na ushahidi huharibika ukicheleweshwa. Makala haya yameonyesha kwamba kicheko kinachozuka katika kipindi cha kwanza cha I Dream of Jeannie hutokana na jini kuvuliwa gharama zake zote: nadhiri, kafara, ugonjwa, hata lugha. Yameonyesha vilevile kwamba gharama hizo hazikupotea. Zilihamishiwa kwa jini mwenyewe, aliyelipa kwa uhuru wake na kwa sauti yake, huku watazamaji wakicheka.

Wanawake wa Dawida waliocheza ngoma ya saka wakiwa na mavazi ya kiume walijua jambo ambalo jini wa chupa hakuruhusiwa kulijua: kwamba nguvu ya ajabu, ikimpanda mtu, humpa nafasi ya kudai. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayeitazama futuhi ijayo na acheke kwa moyo wake wote. Kicheko kikiisha, aulize ni nani katika mchezo huo aliyekuwa na haki ya kudai naye akanyamazishwa, kisha ndipo achukue kalamu.